Injini ya Gari la Zamani Hujitengenezea Maji Yenyewe

Miongoni mwetu tunaomiliki magari ya zamani kuna desturi iliyozoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaoihoji. Gari likikaa siku nyingi bila safari, mwenyewe huliwasha, huliacha likiunguruma dakika kumi palepale lilipoegeshwa, kisha hulizima na kuondoka akiamini kwamba injini imepata mazoezi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba desturi hiyo, kwa upande wa unyevu, huidhuru injini kuliko kuiacha bila kuigusa kabisa. Gari lisiloendeshwa mara kwa mara lina njia mbili za kutunzwa: ama liendeshwe mpaka injini ipate moto kwelikweli, ama lilazwe likiwa kavu na lisiwashwe mpaka siku ya safari. Kuliwasha kidogo kidogo ndiko kunakojaza maji kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

Wengi hudhani kwamba maji huingia ndani ya injini kutoka nje, kwa mvua au kwa hewa yenye unyevunyevu. Yapo yanayoingia hivyo, nami nitayafikia, lakini sehemu kubwa huzaliwa ndani ya injini yenyewe. Petroli imeundwa kwa kaboni na hidrojeni, na inapoungua, hidrojeni yake huungana na oksijeni ya hewa na kuwa maji. Ukipiga hesabu kwa kutumia oktani, mojawapo ya kemikali zinazounda petroli, gramu 114 zikiungua kikamilifu hutoa gramu 162 za maji. Na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740, kila lita inayoungua huzalisha karibu lita nzima ya maji. Mtu akiambiwa hivyo kwa mara ya kwanza huona ni mzaha, lakini ndiyo kemia yenyewe.

Maji hayo kwa kawaida hutoka kupitia bomba la moshi yakiwa mvuke, na ndiyo sababu bomba la gari lililowashwa asubuhi hudondosha matone mpaka lipate moto. Tatizo ni kwamba hakuna ringi ya pistoni inayoziba silinda kikamilifu. Kila mlipuko husukuma kiasi fulani cha gesi kupita pembeni mwa ringi na kushuka upande wa krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na sampu, na gesi hiyo imebeba mvuke. Injini ikiwa baridi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu pistoni bado haijatanuka na kujaza nafasi yake, choki imevutwa hivyo petroli inaingia nyingi kupita kiasi, na kuta za chuma zinazoizunguka gesi hiyo bado zina ubaridi. Mvuke ukigusa chuma baridi hugeuka kuwa maji papo hapo. Injini nyingi za zamani zina bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, nzito za chuma cha kusubu, ambazo huchukua muda mrefu kupata moto, kwa hiyo kipindi hicho cha hatari huwa kirefu kuliko katika injini nyepesi za siku hizi.

Ushahidi wake hauhitaji vifaa. Fungua kifuniko cha kujazia oili kwenye gari linalowashwa kidogo kidogo, kigeuze, ukitazame upande wa ndani. Utakuta ute mzito wa rangi ya kahawia iliyopauka, umeshikamana na kingo za kifuniko na mdomo wa bomba la kujazia, na chini ya ute huo mara nyingi kuna matone ya maji safi kabisa. Hiyo ni oili iliyovurugwa pamoja na maji mpaka vikashikana. Wenye Volkswagen Beetle wanaufahamu vizuri, kwa kuwa bomba la kujazia oili kwenye injini ile limekaa mbali na sehemu zenye moto, hivyo mvuke hukimbilia huko na kugeuka maji. Ukiuona ute huo juu kwenye kifuniko pekee, ilhali oili kwenye kijiti cha kupimia ni safi, usikimbilie kuilaumu gasketi ya hedi, ile inayozuia maji ya radieta yasipenye kati ya bloku na kichwa cha injini. Umeona mvuke uliokosa pa kutokea.

Geji ya joto iliyo kwenye dashibodi ndiyo inayowapotosha watu wengi. Geji hiyo hupima maji ya radieta, nayo oili husubiri nyuma sana. Maji yanaweza kufikia nyuzi 80 za Selsiasi katika muda wa dakika kumi hivi, wakati oili iliyoko kwenye sampu, hasa gari likiwa limesimama, bado iko vuguvugu tu. Ili maji yaliyomo ndani ya oili yageuke mvuke na kuondoka, oili yenyewe inapaswa kufikia nyuzi 80 au zaidi na kukaa katika joto hilo kwa muda. Injini inayounguruma bila mzigo haizalishi joto la kutosha kwa kazi hiyo, hata ukiiacha nusu saa. Inahitaji kubeba gari, kupanda vilima, na kwenda mwendo wa barabara kuu. Kwa kipimo changu, safari isiyopungua dakika 40, ambayo robo tatu yake inafanyika geji ikiwa imekwisha kutulia mahali pake, ndiyo inayostahili kuhesabiwa. Chini ya hapo afadhali uache funguo ukutani.

Ipo sababu nyingine, nayo sijui kwa nini haitajwi mara nyingi, kwa sababu peke yake inatosha kumaliza mjadala wa kuwasha gari likiwa limesimama. Magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1960 hayana valvu ya kunyonya hewa chafu kutoka kwenye sampu na kuirudisha kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, ili iungue. Magari hayo hutegemea bomba rahisi linaloning'inia chini ya injini, mdomo wake ukiwa umekatwa mshazari. Gari linapokwenda, upepo unaopita chini yake huvuta gesi na mvuke kupitia bomba hilo, na hewa safi huingia kutokea kwenye kifuniko cha kujazia oili, ambacho kina matundu na wavu wa chuma. Gari likisimama hakuna upepo, na bila upepo hakuna mvuto. Mvuke wote unaozalishwa wakati injini inaunguruma bandani hubaki ndani, huzunguka kwenye vifuniko vya valvu, na injini ikizimwa hugeuka maji na kutiririka kurudi kwenye oili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuanzia California, magari mapya yalianza kufungwa valvu ya kunyonya gesi hiyo kwa nguvu ya injini yenyewe, lengo likiwa kupunguza uchafuzi wa hewa. Unafuu wa upande wa unyevu ulikuja kama nyongeza. Kama gari lako ni la kabla ya hapo, basi muundaji wake alitegemea kwamba litakuwa linakwenda.

Kwa hiyo jambo la kwanza kukagua ni kama njia hiyo ya hewa iko wazi. Lala chini ya gari, tafuta bomba lenyewe, safisha mdomo wake, kisha uoshe wavu wa kifuniko cha juu kwa mafuta ya taa na kuulowesha oili kidogo kabla ya kuurudisha. Nimeona magari yaliyofungwa kifuniko kisicho na matundu, pengine kwa sababu kilichokuwapo kilipotea na hicho kikapatikana karibu. Injini ya namna hiyo haina pa kupumulia, na hata ukiiendesha siku nzima haitakauka ipasavyo. Kwenye gari lenye ile valvu ya kunyonya gesi, ichomoe na uitikise sikioni: ile nzima husikika ikigonga ndani, na iliyoziba kwa masizi hukaa kimya.

Jambo la pili ni themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate moto. Magari mengi ya zamani yameondolewa themostati na watu waliodhani wanaikinga injini isichemke. Matokeo yake ni injini inayozungusha maji kwenye radieta tangu sekunde ya kwanza, ikachelewa mno kupata moto, na katika hali ya hewa ya baridi isiupate kabisa. Kuirudisha themostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 au karibu na hapo, kulingana na kitabu cha gari, ni kazi ndogo yenye manufaa makubwa kwa ukavu wa injini kuliko dawa yoyote ya chupa. Kama injini huchemka themostati ikiwapo, tatizo liko kwenye radieta au pampu ya maji na linapaswa kutafutwa huko.

Maji peke yake yangekuwa na madhara ya kuvumilika. Ubaya wake ni kwamba huwa na wenzake. Moshi unaopenya kwenye ringi hubeba pia oksaidi za nitrojeni na, kutegemea petroli, za salfa, ambazo zikikutana na maji huwa asidi. Oili ina viungo vya kuiua asidi hiyo, lakini viungo hivyo huisha. Oili iliyotumika muda mrefu, ikibaki kwenye injini iliyolala miezi sita, huziacha beringi, shingo za krenkshafti na nundu za kemshafti (mhimili unaofungua valvu) zikiwa zimelowa asidi hafifu usiku na mchana. Beringi zenye shaba na risasi huathirika sana kwa namna hii. Ndiyo maana nasisitiza kwamba oili ibadilishwe kabla ya kulilaza gari, wala si baada ya kuliamsha. Endesha gari mpaka oili ipate moto, imwage ikiwa bado moto ili uchafu utoke nayo, badilisha na filta, jaza oili mpya, kisha endesha tena safari kamili ili oili hiyo safi ifike kila mahali. Hata gari ambalo limetembea kilomita chache mno kwa mwaka mzima libadilishwe oili mara moja kwa mwaka, kwa sababu kinachoiharibu hapo ni kalenda na unyevu, na umbali hauna neno.

Anayetaka kujua hali ya oili yake kabla ya kuamua anaweza kufanya jaribio ambalo mafundi wa mitambo hulitumia. Pasha sahani ya chuma kwenye jiko la umeme mpaka ifike takriban nyuzi 160, kisha udondoshee tone moja la oili kutoka kwenye kijiti. Oili kavu hutanda kimya na kutoa moshi mwembamba. Oili yenye maji hutoa vipovu vidogo katikati ya tone, vipovu huhamia pembeni, na kama maji ni mengi zaidi tone zima huruka na kutatarika kwa sauti unayoisikia ukiwa umesimama. Kiasi kidogo cha maji, hata kama asilimia 0.1, huweza kujionyesha hivyo. Vaa miwani ya kukinga macho, fanya kazi hiyo nje, na usitumie moto wa wazi, kwa sababu oili ya injini inayowashwa kidogo kidogo mara nyingi imechanganyika pia na petroli iliyoteremka kwenye kuta za silinda wakati choki ilipokuwa imevutwa. Ukiinusa oili hiyo na kusikia harufu ya petroli, jibu umeshalipata bila sahani.

Sasa tuje kwenye maji yanayotoka nje. Injini ni tonge kubwa la chuma lenye uzito wa kilo mia na zaidi, na chuma kingi hupokea joto polepole. Usiku hupoa pamoja na banda. Asubuhi hewa hupata joto upesi na kuingia na unyevu wake, huku bloku ikiwa bado na ubaridi wa usiku. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 24 au chini yake. Bloku hutoka jasho kama bilauri ya maji baridi, nje na ndani pia, kwa sababu katika injini yenye silinda kadhaa, popote krenkshafti iliposimama, daima ipo silinda yenye valvu iliyo wazi kuelekea kwenye bomba la moshi au kwenye kabureta. Silinda hiyo huvuta hewa kila siku na kuiacha na maji yake, na baada ya miezi ringi hushikana na ukuta wa silinda kwa kutu.

Kinga yake inaanzia sakafuni. Udongo mtupu na majani hupandisha unyevu usiku kucha, na hata sakafu ya saruji isiyowekewa nailoni chini yake wakati wa kujengwa hupitisha unyevu wa ardhini. Tandika nailoni nene chini ya gari zima, na juu yake mbao au mkeka wa raba. Gari lenyewe lifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki liwe mwiko, kwa kuwa huufungia unyevu ndani na kuurudisha kwenye chuma kila usiku. Ning'iniza kipima unyevu karibu na boneti ukisome kwa majuma kadhaa kabla ya kununua chochote: kutu ya chuma huongezeka kasi unyevu ukizidi asilimia 60 hivi, kwa hiyo lenga kati ya 45 na 55, na usishuke sana chini ya hapo, maana ngozi ya viti na mbao za dashibodi nazo zinahitaji unyevu wao. Mashine ya kukausha hewa inayotumia kompresa hufanya kazi vizuri kwenye joto. Mahali pa baridi nyingi ile inayotumia kemikali ya kunyonya ndiyo inayofaa. Mashine yoyote kati ya hizo itahangaika bure kama banda lina nyufa na mlango haufungi.

Kama banda haliwezi kudhibitiwa, dhibiti injini yenyewe. Baada ya ile safari ya kubadilisha oili, injini ikishapoa, ondoa plagi, pulizia ndani ya kila silinda oili maalumu ya kuhifadhia injini, izungushe kwa mkono mizunguko miwili mitatu ili oili itande, kisha uzibe njia za hewa: mdomo wa kabureta, mwisho wa bomba la moshi, na bomba la kupumulia la sampu. Mahali pa plagi unaweza kufunga plagi za plastiki angavu zilizojazwa silika jeli, yaani punje zinazonyonya unyevu, zile zinazotumika kwenye ndege ndogo za injini za pistoni. Silika jeli ya rangi ya chungwa hugeuka kijani au kuwa nyeusi inaposhiba maji, nawe huikausha kwenye oveni kwa takriban nyuzi 120 na kuitumia tena. Ile ya buluu ya zamani ina kobalti kloridi, ambayo ni sumu, kwa hiyo sioni sababu ya kuishika siku hizi. Kila ulichokiziba kiandike kwenye kadi na uifunge kwenye usukani, maana mtu mwingine anaweza kuja kuliwasha gari bila wewe kuwapo.

Wapo wanaoshauri injini iliyolala izungushwe kwa mkono kila mwezi. Mimi siungi mkono kwa gari litakalolala miezi michache, kwa sababu kila mzunguko huifuta oili iliyotanda kwenye kuta za silinda bila kuleta nyingine. Kwa gari litakalolala zaidi ya mwaka nakubali, kwa sharti kwamba unadondosha oili mpya kwanza, na kwamba krenkshafti inaachwa mahali tofauti kila mara ili springi zilezile za valvu zisibaki zimebanwa.

Petroli ina habari zake. Ile iliyochanganywa ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na mchanganyiko wa asilimia 10 ya ethanoli ukishapokea maji yapatayo nusu asilimia hujitenga: ethanoli na maji hukaa chini ya tanki, hasa pale bomba la kuvutia lilipo. Laza gari na petroli isiyo na ethanoli kama inapatikana, tanki likiwa limejaa ili hewa iwe ndogo, na uimwage ile iliyobaki kwenye bakuli la kabureta, ambamo huacha unga mweupe unaoziba jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli. Upande wa radieta, usiimwage na kuiacha tupu kwa kudhani unaikausha. Njia za maji ndani ya bloku hazikauki kwa kumwagwa. Hubaki zimelowa huku hewa imeingia, na hiyo ndiyo hali inayopendwa na kutu. Acha mfumo umejaa mchanganyiko mpya wa maji yaliyoondolewa madini na dawa ya kuzuia kutu na kuganda, uliobadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Siku ya kuliamsha gari, soma kadi ya usukani na uzibue vyote. Zungusha injini kwa mkono kwanza, kisha kwa stata huku plagi zikiwa nje, ili oili iliyojikusanya juu ya pistoni iruke nje badala ya kubanwa, na uendelee kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Hapo ndipo urudishe plagi na kuwasha. Usiiache iungurume, baada ya dakika moja hivi ondoka taratibu, bila kukanyaga sana, na uende safari kamili. Ukirudi, kagua kifuniko na kijiti. Ute kidogo uliobaki kwenye kifuniko ufute na uutazame tena baada ya safari inayofuata. Lakini kama oili yote kwenye kijiti ina rangi ya maziwa, kama maji ya radieta yanapungua bila kuonekana yanakovujia, au moshi mweupe unaendelea kutoka hata injini ikiwa moto, hapo kuna njia kati ya maji ya radieta na silinda, na gari lisiwashwe tena mpaka fundi apime shinikizo la mfumo wa radieta na kuifungua hedi.